Mkono wa Mzee Kanti na Bunduki ya Misumari

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Tottenham aligonga mlango akiwa na simu mkononi. Yeye na mumewe wamenunua nyumba yenye bustani ndefu kwa nyuma, na wanataka kujenga humo chumba cha mbao, wajenge wenyewe. Kwenye simu kulikuwa na picha za bunduki tatu za kupigia misumari. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na tumezoeana hivyo tangu akiwa na meno ya utotoni. Akaniuliza, "Shangazi, ipi ina nguvu zaidi?"

Nikamwambia aketi, nikabandika maji ya chai. Swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza, kwa maneno hayo hayo. Jibu nililopewa lilipita kwenye mkono wa mtu.

Basi nawaandikia nyinyi nyote mnaotazama video ya dakika nne mkaamini ukuta husimama kwa dakika nne. Sina nia ya kuwatisha. Jengeni. Kazi ya mbao ni tamu, na hakuna usingizi unaofanana na usingizi wa mtu aliyesimamisha fremu yake mwenyewe ikakaa sawa kwenye pima maji. Ila kaeni kwanza, mnisikilize kama huyu binti alivyonisikiliza, chai yake ikapoa.

Jina langu Zuhura, mzaliwa wa Tanga, seremala mstaafu. Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nikayafuata. Nilipofika London sikuwa najua kushika msumeno. Nilikuwa nafanya usafi kwenye nyumba zinazokarabatiwa: mafundi wakimaliza kuchana mbao, naingia mimi na ufagio na ndoo. Siku moja ndoo ya maji ilinipindukia juu ya sakafu niliyokwisha kuipiga deki, na nikasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kutoka chumba cha pili nikasikia sauti ya mwanamume ikicheka.

"Nani huyo anatukana Kiswahili safi namna hiyo?"

Akatokea mzee mfupi, Mhindi, penseli sikioni, unga wa mbao kwenye nyusi. Alikuwa Kantilal, mzaliwa wa Kisumu, na sisi sote tulimwita Mzee Kanti. Alikuwa akiishi Stanmore na mkewe, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mafundi wa Kisumu, cha kupanda na kushuka, kisichojali sana ngeli. Akanitazama mimi, akatazama maji, akanikabidhi ncha ya tepu ya kupimia.

"Dada, acha maji ikauke yenyewe. Shika hapa."

Nikashika. Niliendelea kushika kwa miaka. Kwanza ncha ya tepu, kisha msumeno, kisha nikaenda chuo cha ufundi siku mbili kwa wiki, mwanamke mmoja kati ya wanaume kumi na tisa, hadi nikapata cheti. Kila kilichoandikwa kwenye cheti hicho nilikuwa nimekwisha kukosea mbele ya Mzee Kanti.

Yeye alipenda nyundo. Alisema nyundo inakwambia mbao inajisikiaje. Ukipiga karibu na fundo la mbao, mkono unapata habari kabla ya jicho. Bunduki, alisema, haikwambii kitu, inatii tu. Lakini fremu za siku hizi zina misumari mamia, na mabega yake yalikuwa yameanza kulalamika. Siku niliyomwambia nataka kununua bunduki ya misumari alinijibu, "Nunua. Lakini usiende peke yako."

Nikaenda peke yangu. Nikamwuliza muuzaji, "Ipi ina nguvu zaidi?" Akanipa.

Ilikuwa bunduki ya hewa, ile inayounganishwa kwa mpira mrefu na kompresa, mashine inayosukuma hewa na kunguruma kama pikipiki iliyofungiwa kabatini. Misumari ya inchi tatu na nusu iliingia kwenye mbao kama kidole kwenye uji. Nilifurahi mno. Niliipa hata jina, na jina hilo nimejikataza kulitaja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo maelezo ya dukani huliandika kwa herufi ndogo. Bunduki hizi zina mdomo wenye chuma cha usalama. Mdomo usipobanwa kwenye mbao, msumari hautoki. Lakini namna mdomo unavyoelewana na triga, pale unapovuta kwa kidole, ni za aina mbili. Aina ya kwanza, unabana mdomo kwanza, unavuta triga, unatoka msumari mmoja. Ukitaka wa pili unaachia vyote viwili na kuanza upya. Aina ya pili, ukishikilia triga tu, kila mdomo unapogusa kitu, msumari unatoka. Uguse mbao, unatoka. Uguse goti, unatoka. Hiyo ya pili ina kasi, na wanaopigilia sakafu pana huipenda. Bunduki yangu ilikuwa na swichi ndogo ya kuchagua. Mzee Kanti aliiona siku ya kwanza, akaiweka kwenye aina ya kwanza, akasema, "Hii swichi umesahau iko."

Nikaisahau, mpaka asubuhi moja tulipokuwa tunageuza dari ya nyumba kuwa chumba cha kulala. Chini yetu walikuwa mafundi wengine wawili wanaoweka sakafu, na wakati wa chai mmoja wao alisema yule mama wa juu anapiga misumari kama anayeshona vifungo. Mmoja. Kimya. Mmoja. Kimya. Wakacheka. Nilicheka nao. Kisha nikapanda ngazi, nikageuza swichi.

Mzee Kanti hakuniona. Alikuwa ameegemea nguzo ya fremu, ameishika wima kwa mkono wa kushoto, ananingoja. Nikaweka mdomo wa bunduki kwa mshazari, nikapiga. Bunduki zote huruka nyuma zikipiga. Yangu iliruka, ikarudi, ikagusa juu kidogo ya mahali pa kwanza, na kidole changu bado kilikuwa kwenye triga.

Nilisikia milio miwili. Nilikuwa nataka mmoja.

Hakupiga kelele. Niliinua macho nikaona mkono wake umetulia juu ya nguzo, na katikati ya mgongo wa mkono, kati ya kidole cha shahada na cha kati, pana kitu kinang'aa kama kifungo cha shati.

"Zuhura," alisema, pole pole kabisa. "Toa kidole kwa triga."

Nikatoa.

"Chomoa mpira ya hewa."

Nikauchomoa. Ukafoka, kisha ukanyamaza.

"Sasa weka hiyo kitu chini. Mbali."

Nikaiweka. Nilishindwa kufungua simu mara mbili, nikaifungua mara ya tatu. Mwanamke wa upande wa pili wa simu aliniambia ambulensi inakuja na kwamba msumari usiguswe. Mzee Kanti alisikia.

"Huyo mama anajua," alisema. "Hii msumari ndiyo imeziba shimo. Ikitoka, damu inatoka."

Lakini palikuwa na shida nyingine, na yeye aliitambua kabla yangu. Alikuwa amesimama, mkono umepigiliwa usawa wa kifua, na hakuna namna ya kukaa. Uso wake ulianza kuwa rangi ya majivu. Jasho likamtiririka. Kama angezimia, mwili wote ungening'inia kwenye mkono ule.

"Kata nguzo," aliniambia.

"Mzee, siwezi."

"Unaweza. Juu ya mkono, halafu chini ya mkono. Chukua msumeno ya mkono, usichukue ya umeme. Ya umeme inatikisa."

Fundi mmoja wa chini alikuwa amepanda aliposikia sauti zetu, yule yule wa mzaha wa vifungo. Nilimwambia amshike mzee kwa nyuma, amkumbatie kiunoni. Akamkumbatia kama mtoto wake. Mimi nikachukua mkanda wa kufungia mizigo, nikaifunga ile nguzo kwenye nguzo ya jirani isicheze. Nikaweka meno ya msumeno juu ya mbao, shubiri moja kutoka kwenye vidole vyake. Nikaanza kuvuta, lakini nilikuwa navuta kwa woga, mivuto mifupi mifupi, na msumeno ukaanza kuparaza.

"Zuhura. Unanihurumia."

"Ndiyo, Mzee."

"Usinihurumie mimi. Hurumia mbao. Ukinihurumia mimi, msumeno inapinda. Kata kama siku zote."

Basi nikakata kama siku zote. Mivuto mirefu, taratibu, bega lote. Nilikuwa nalia na kukata. Nimekata mbao nyingi maishani, na mkato ule ndio ulionyooka kuliko yote. Tulishuka ngazi sisi watatu, Mzee Kanti amekumbatia kipande chake cha mbao kifuani kama mtu anayetoka kununua mkate, na watu wa ambulensi walipokuwa wanaingia mlangoni aliwaambia kwa Kiingereza, "Samahani, nimekuja na kazi yangu."

Hospitali walimtoa msumari, wakamshona, wakamtibu vizuri. Vidole viwili havikuwahi kukunjika tena.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa bosi wa kampuni iliyotuajiri mimi na mzee. Nilikuta habari imekwisha kunitangulia: Mzee Kanti alimpigia simu akiwa kitandani, akamwambia kosa ni lake, kwamba alisogeza mkono bila kunionya, na bunduki haikuwa na tatizo lolote. Bosi aliniambia nisijilaumu. Alinipa hata kiti.

Hakuna aliyeniona nikigeuza ile swichi. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujazoea ukuta. Nikasema, "Mzee amesema uongo. Mimi ndiye niliyegeuza swichi, kwa sababu watu walinicheka."

Bosi akavua miwani. Akaandika. Akaniambia niende nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Jioni ile ile nilipanda basi na treni mpaka Stanmore, na mkewe, Hansaben, akanifungulia mlango. Hiyo "ben" kwao ni dada. Niliogopa macho yake kuliko ya bosi. Alinitazama, akanivuta ndani, akaniwekea sahani ya chakula mbele kabla sijatoa salamu zote. Mzee Kanti alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa mkubwa kama kifurushi cha sikukuu.

"Umesema ukweli kwa bosi," alisema. Habari zilikuwa zimenitangulia tena.

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Basi vizuri. Uongo ilikuwa inanichosha. Nilikuwa lazima nikumbuke nimesema nini." Halafu akageukia chakula chake.

Nilikaa nyumbani wiki tatu. Uchunguzi ulipokwisha nilipewa onyo la maandishi na ruhusa ya kurudi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa nimezungumza na dada mmoja Mkongo, jirani, aliyekuwa msimamizi wa usafi kwenye ofisi za mjini, naye alikuwa ameniahidi nafasi. Ufagio haujawahi kumtoboa mtu. Ndipo Mzee Kanti akapiga simu.

"Jumamosi, saa nne asubuhi, duka ya vifaa. Lete mabega yako."

"Mzee, mimi naacha kazi hii."

"Acha Jumatatu. Jumamosi uko na mimi."

Nilimkuta nje ya duka, mkono kwenye kitambaa shingoni, na chini ya kwapa la mkono mzima amebeba kitu cha ajabu: vipande viwili vya mbao vilivyoshikanishwa kwa papi, vibao vyembamba, juu na chini, katikati yake pana nafasi kama dirisha. Muuzaji, jamaa mmoja mwenye ndevu nyekundu, alitutazama tukiingia na dirisha letu, akajikaza asicheke. Alituongoza moja kwa moja kwenye bunduki kubwa kuliko zote na kuanza kueleza nguvu zake.

Mzee Kanti akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Triga yake iko namna gani?"

Muuzaji akaeleza. Ilikuwa ya kugusa-gusa, ile ya aina ya pili, na haikuwa na njia ya kuibadilisha. "Asante," alisema Mzee Kanti. "Hiyo rudisha." Hivyo ndivyo bunduki tano kati ya kumi na moja zilivyorudi kwenye rafu kabla hatujazigusa. Mkisahau yote mengine niliyoandika, shikeni hilo: ulizeni triga kwanza, mambo ya nguvu baadaye. Bunduki yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya fremu ina nguvu za kukutosha.

Zilizobaki alinipa moja moja. "Inua juu ya kichwa. Usishushe mpaka nikwambie." Halafu akaanza kunisimulia habari za harusi ya binamu yake Nakuru. Harusi za kwao ni ndefu. Alipofika kwenye orodha ya vyakula, mkono wangu ukaanza kutetemeka. "Hiyo nzito. Rudisha." Dukani kila bunduki ni nyepesi, vijana wangu. Mnaishika usawa wa kiuno, sekunde kumi, mmesimama kwenye sakafu kavu. Kazini mtaishika juu ya kichwa, mmepinda shingo, saa tano mfululizo, na bunduki nzito ikichosha mkono, mdomo wake huanza kwenda unakotaka wenyewe.

Ndipo likaja lile dirisha. Kumbe alikuwa amelipima kwa nafasi iliyopo kati ya boriti mbili za dari. Akaliweka juu ya kaunta, akaniambia nijaribu kupiga kwa ndani, kwenye pembe. Bunduki mbili nzuri, nyepesi, zikashindwa kuingia. Kichwa kilikuwa kirefu mno. Nyingine iliingia, lakini mkono wangu ukabanwa. Muuzaji hakuwa anacheka tena, alikuwa ameegemea kaunta anatazama. Alisema miaka yote aliyouza bunduki hajaona mteja akija na dari yake.

Tulibishana kuhusu chanzo cha nguvu. Mimi kompresa nilikuwa nimeshaichukia, na si kwa sababu ya ajali peke yake. Ule mpira wa hewa hukufuata kama mtoto mwenye kulia, unanasa kwenye kila kona, na nyumba moja kompresa yetu ilizima umeme wote wakati mwenye nyumba ana keki kwenye oveni. Keki ilikaa kama sahani. Nikataka ya gesi, ile yenye kopo dogo ndani, haina mpira. Mzee Kanti akanikumbusha kwamba London ina majira ya baridi. Alikuwa sahihi, na niliyaona baadaye nilipoazima bunduki ya gesi ya mwenzangu: asubuhi ya baridi kali gesi inagoma, msumari unaingia nusu. Nilikuwa natembea na makopo mawili kifuani ndani ya koti, nimeyatamia kama kuku. Ya betri ni nzito kidogo na huruka nyuma kwa namna yake, lakini haina mpira wala kopo, na kwa anayejenga kwake mwenyewe, siku za mapumziko, mimi ningemshauri hiyo. Wakati ule za betri zilikuwa chache na nzito mno, kwa hiyo Jumamosi ile zilibaki mbili, zote za hewa.

"Misumari yake inapatikana wapi?" aliuliza Mzee Kanti.

Bunduki moja ilikula misumari iliyopangwa kwenye mkanda wenye mwinamo wake peke yake, unaouzwa na kampuni moja tu. Nyingine ilikula ile ya kawaida, ambayo hata duka la mtaani linayo. Tukachukua hiyo. Ilikuwa na gurudumu dogo la kupima msumari uzame kiasi gani, ili kichwa kikae sawa na uso wa mbao kisizame kupita kiasi. Ilikuwa na ndoano ya kuitundika ukiwa juu ya ngazi. Ndoano hiyo muithamini, kwa kuwa bunduki nyingi huanguka, na hazianguki mahali patupu.

Nikashtuka kuona nimesahau kwamba naacha kazi. Nilikuwa nimesimama pale nabishana na muuzaji habari za gurudumu.

Mzee Kanti naye aliliona. "Jumatatu saa mbili," alisema. "Mimi siwezi kushika nguzo. Nitakaa kwa ndoo, nakutazama."

Na ndivyo alivyofanya miezi mitatu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti limefungwa mpaka shingoni. Kila niliposhika nguzo alisema neno moja tu: "Mkono." Maana yake, mkono usioshika bunduki uko wapi? Uwe mbali, angalau urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidole. Hata leo, nikishika kisu jikoni, namsikia.

Naomba niongeze hapa kabla sijasahau. Kama mnajenga chumba kimoja tu maishani mwenu, msinunue bunduki. Ikodisheni kwa siku mbili. Panga mbao zote, kata zote, chora alama zote, halafu ndiyo uikodishe. Vaa miwani na vya kuziba masikio. Ukitaka kutoa msumari ulionasa, chomoa hewa au betri kwanza, hata kama ni mara ya arobaini siku hiyo. Na uwe na nyundo, maana kuna pembe ambazo hakuna bunduki itakayofika.

Mzee Kanti alistaafu mwaka uliofuata. Niliendelea kwenda Stanmore kila nilipopata nafasi, Hansaben akinilisha na mzee akitaka kusikia kazi zote, mbao gani, nafasi kiasi gani. Na miaka yote hiyo nilibeba swali moja. Angeweza kunikasirikia. Mtu anayekula kwa mikono yake, umempunguzia mkono, na yeye amelala hospitalini anatafuta uongo wa kukuokoa. Sikuelewa.

Mwaka jana, baada ya mimi pia kustaafu, nikamwuliza. Tulikuwa tumekaa dirishani, mchana, mvua nyepesi nje.

"Mzee, kwa nini ulinidanganyia kwa bosi?"

Aliitazama mvua. Hansaben aliyekuwa akimenya viazi akasema, "Mwambie."

Ndipo akanisimulia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, Kisumu, ameoa karibuni. Alikuwa anajifunza kazi kwa fundi Mjaluo aliyeitwa Okelo. Walikuwa wanapandisha kenchi za paa la ghala kwa kamba. Fundi Okelo yuko chini, yeye yuko juu. Aliambiwa asifungue kamba mpaka aitwe. Akafungua, kwa sababu alikuwa na haraka na aliona kenchi imekaa sawa. Kenchi ikashuka ikamwangukia Okelo mguuni.

"Nilisikia amelia," alisema. "Watu walikimbia kwake. Mimi nilishuka upande ingine, nikakimbia. Jioni nilikuwa ndani ya basi ya Nairobi. Baadaye nilisikia wamekata mguu. Sikurudi. Sikumwambia pole hata siku moja." Akanitazama. "Wewe ulibaki. Ulichukua msumeno. Mimi nilikuwa nataka mtu akusaidie kubaki."

Hansaben akasema kwamba mpwa wao bado ana duka Kisumu, na kwamba miaka yote anamwambia mumewe amtume akaulize habari za Fundi Okelo.

Tuliandika barua siku ile ile. Mzee Kanti alisema Kiswahili chake ni cha mbao, si cha barua, kwa hiyo yeye alisema na mimi nikaandika. Alitaka kueleza kamba ilivyokuwa, na uzito wa kenchi, na upepo. Nilikuwa nikiandika, anasema futa. Mwishowe ilibaki mistari minne: mimi ni nani, nilifanya nini, nilikimbia, naomba radhi. Mpwa wake akaambiwa aitafute familia ya Okelo.

Ilichukua miezi miwili. Fundi Okelo alikuwa amefariki zamani. Lakini binti yake, Mama Atieno, yupo, na ni mwalimu mstaafu. Hakuandika. Alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Hansaben, nami niliitwa nikasikilize pamoja nao.

Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, yenye utulivu. Alimsalimu Mzee Kanti, akamwita baba. Akasema barua imesomwa mbele ya familia nzima. Akasema mzee wao aliendelea na useremala kwa mguu mmoja, akatengeneza vitanda na makabati, akawasomesha wote.

"Lakini kuna jambo nataka ujue," alisema. "Baba alikuwa anakuulizia. Mafundi wa Kihindi wakipita dukani kwake, anawauliza kama wanamjua Kantilal. Sisi tulidhani ana hasira na wewe. Alikuwa anasema, yule kijana alikuwa juu, na kamba ilivutwa kwa nguvu. Alikuwa anataka kujua kama na wewe uliumia."

Mzee Kanti aliomba ujumbe urudiwe. Hansaben akaurudia.